Mzee anataka kufungua hedi, na mimi nimeficha plagi kwenye soksi

Shikamoo mjomba,

Naomba jina langu lisitokee, mdogo wangu wa kiume ni msomaji wako na ana mdomo balaa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimerudi kukaa na wazazi tangu mwaka juzi. Baba yangu alikuwa fundi magari miaka 38, fundi kweli, sio wa kubahatisha. Mpaka leo kuna watu wazima wanapita kumsalimia wanamwita Fundi, jina lake halisi hata hawalijui. Mimi nimekua nikishika tochi. Aliyezaliwa kwa fundi ananielewa, kazi yako ya kwanza duniani ni kushika tochi na ya pili ni kugombezwa kwamba unamulika pasipotakiwa.

Gari ninayoendesha ni ya 2003, petroli, silinda nne, kila plagi, ile ya kutoa cheche, imevalishwa koili yake ya umeme juu. Imechoka lakini ndiyo inanipeleka kazini na ndiyo inampeleka baba kwenye shughuli zake. Miezi miwili na nusu iliyopita baba aliifanyia sevisi hapa nyumbani, oili, filta, plagi zote nne mpya. Mimi na tochi yangu kama kawaida. Sasa mjomba, mikono ya baba siku hizi inatetemeka. Sio sana, ila akikoroga chai kijiko kinaongea kwenye kikombe. Tulipofika plagi ya tatu, soketi ilikuwa bado imeng'ang'ania plagi, ile bomba ndefu ikamponyoka ikalala upande, nikasikia kitu kimefanya tik. Kidogo tu. Baba hakusema kitu na mimi sikusema kitu, akainyoosha akakaza tukaendelea na ya nne.

Kama wiki tatu baadaye gari ikaanza kumisi. Ikiwa imesimama unaweza usijue, inatikisika kidogo tu, ila ukianza kupanda mlima ukakanyaga mafuta inakohoa, inavuta inaacha inavuta inaacha, kama kuna mtu nyuma anaipiga mateke. Taa ya cheki injini ikawaka, na kwenye mlima kuna wakati inapepesa.

Baba akaendesha, akasikiliza, akaweka kipande cha karatasi kwenye mdomo wa ekzosi akakiangalia kinavyocheza, akasema silinda moja imepoteza pumzi, hapa kuna valvu imeungua. Ila akasema tuanze na rahisi, akasafisha throto, ule mlango wa hewa wa injini. Mimi nilikuwa nimenunua kimya kimya kile kimashine kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu. Usiku nikakichomeka, kikaniletea P0303, yaani silinda namba tatu. Nikakumbuka ile tik.

Kesho yake wazazi walitoka kwenda kumjulia hali jamaa yetu, nikafungua mwenyewe. Plagi ya tatu ilikuwa na mstari mweusi mwembamba kwenye ile kauri nyeupe, kama mtu kachora na penseli kutoka juu mpaka kwenye chuma. Na chini karibu na chuma kuna duara la rangi ya kahawia limeizunguka. Nikaweka plagi mpya, nikafuta ile namba kwenye kimashine, taa ikazima. Plagi ya zamani nikaivalisha soksi nikaificha kwenye droo ya nguo, usinicheke.

Gari ikawa safi kabisa. Tatizo ni kwamba baba alisafisha throto jana yake tu. Kwa hiyo aliporudi akaendesha, akapanda ule mlima bila shida, akashuka na kicheko ambacho sijakiona muda mrefu sana. "Umeona? Si nilikwambia tuanze na rahisi?" Akamwambia mama, akampigia simu rafiki yake wa zamani waliyefanya kazi pamoja, akamwelezea throto nusu saa nzima. Mimi nikawa naitikia tu, ndiyo baba, kweli baba.

Siku ya tano ikarudi kumisi. P0303 ile ile. Nikafuta tena, ikawaka tena. Sasa baba anasema throto tumesafisha na imerudi, basi hiyo ni valvu hakuna ubishi, hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu, inafunguliwa hapa hapa uani, yeye na mimi. Ameshatoa spana zake zote, ameziosha na mafuta ya taa, amezipanga kwenye kitambaa kwa ukubwa. Kila asubuhi ananiuliza naanza likizo lini.

Mjomba nimekwama. Nikimwambia ukweli anajua mambo matatu kwa mpigo, kwamba plagi aliivunja yeye, kwamba mtoto wake alimzunguka, na kwamba ule ushindi wake haukuwa wake. Nikinyamaza anafungua hedi ambayo labda haina tatizo, na mikono ambayo kikombe kinaishinda. Mdogo wangu anasema peleka gereji ukirudi mwambie baba imepona yenyewe. Mama nilipomgusia aliniambia neno moja tu, "mwache baba yako afanye kazi yake." Kuna siku nafikiria hata kuiuza tu yaishe.

Nimwambie? Au nitengeneze tena kimya kimya? Na kwa nini imerudi wakati plagi niliweka mpya?

Mshika Tochi

*

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka kwenye soksi, ya pili sikucheka. Ngoja nianze na lile swali la mwisho ulilolichomeka kwenye mstari mmoja, kwa sababu naona ndilo lina mlango wa mengine yote.

Kwa nini imerudi. Cheche ya plagi inahitaji umeme wa maelfu mengi ya volti, wakati mwingine zaidi ya 20,000, iweze kuruka ule mwanya mdogo wa kama milimita moja hivi. Na inaruka ndani ya hewa iliyobanwa. Gari ikiwa imesimama hewa inayoingia ni kidogo, cheche inaruka bila jasho. Ukikanyaga mafuta mlimani silinda inajaa, presha inapanda, kuruka kunakuwa kugumu, basi umeme unafanya kama maji yanavyofanya ukiziba mfereji, unatafuta pengine. Ukipata njia ya kuteleza juu ya kauri kwa nje mpaka kwenye chuma unaipita hiyo, na kila ukipita unaunguza, unaacha masizi, na masizi nayo yanapitisha umeme. Ule mstari wa penseli ulioona ndio hiyo njia. Ndio maana inakohoa mlimani na kwenye tambarare inajikausha kama haina neno.

Sasa ile kauri haikuwa uchi, ilikuwa imevaa ule mpira mrefu wa koili. Mstari ukiwa kwenye kauri mara nyingi una pacha wake ndani ya mpira. Wewe ulibadilisha mmoja ukamwacha pacha. Umeme ukakuta plagi mpya lakini njia ya zamani bado ipo upande wa pili, ukachukua siku chache kuchora upya. Vua koili ya tatu injini ikiwa imezimwa, mulika ndani ya ule mpira (kazi yako ya utotoni hiyo), ukiona alama nyembamba nyeupe, ya kijivu au nyeusi inayoshuka kwa urefu, umempata. Kwenye koili nyingi mpira na springi yake vinachomoka na vinauzwa peke yake, nyingine lazima ununue koili nzima. Na plagi uliyoweka juzi nayo itabidi uiangalie upya, inawezekana imeshachorwa, na ikishachorwa hiyo haifai tena hata uifute ing'ae.

Lile duara la kahawia achana nalo. Wengi wanalishtukia wakidhani plagi inavuja. Ni vumbi la oili linalovutwa na umeme likaganda kwenye kauri, plagi nzima kabisa zinakuwa nalo. Usimfunge mtu kwa ushahidi huo.

Na hapo kwenye kumfunga mtu ndipo nataka tukae kidogo. Unasema baba aliivunja. Unajuaje? Ulisikia tik. Inawezekana kabisa, soketi ikilala upande wakati bado imeshika plagi inaweza kuipasua kauri, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kuanzisha yote haya. Lakini mstari mweusi hauhitaji ufa. Oili ikivuja kutoka kwenye mpira wa kava ya valvu ikaingia kwenye lile shimo la plagi, mstari unaweza kuja. Maji yakiingia siku mtu anaosha injini, unaweza kuja. Na mpira wa koili wa 2003 kama haujawahi kubadilishwa umeshakauka, haushiki kauri vizuri, hapo nao ni mwaliko tosha. Shimo la tatu lilikuwa kavu? Haujasema. Ile plagi ya kwenye soksi uliigeuza geuza kwenye jua? Ukipitisha ukucha unakwama mahali? Haujasema pia. Na kati ya tik na kumisi zilipita wiki tatu, hiyo haimsafishi mzee lakini haimtii hatiani vilevile. Naona ulisikia sauti moja, ukaweka na ile mikono, ukafunga jalada.

Halafu kuna jambo ambalo sidhani umeliona, na ndilo lililonifanya nisicheke mara ya pili. Umeandika kama vile mzee wako anapotea, masikio yamezeeka, anang'ang'ania valvu. Hebu rudi ufuate alivyofikiri. Gari inamisi, anasikia silinda moja haifanyi kazi, kweli. Anaweka karatasi, karatasi inayumba, kweli, ingawa hiyo karatasi itayumba silinda ikiruka kwa sababu yoyote, iwe valvu iwe cheche. Anasema tuanze na rahisi, hapo ndipo unapomjua fundi. Anasafisha throto, taa inazima, gari inapona. Siku ya tano inarudi. Kwa mtu aliyeona hayo tu, kwenda kwenye valvu sio uzee. Hesabu yake iko sawa mpwa wangu, namba alizopewa ndizo zina kasoro, na anayempa ni wewe. Wewe ndiye uliyezima taa. Wewe ndiye unayejua kwamba gari ilipona kwa sababu ya plagi mpya.

Na hicho unachokijua ndicho kinachoitetea hedi kuliko kitu kingine chochote. Valvu iliyoungua haiponi siku nne kwa sababu umebadilisha plagi halafu ikaugua tena. Ukimwambia fundi wa miaka 38 kwamba nilibadilisha plagi ya tatu ikatulia siku nne ikarudi, nakuhakikishia kabla hujamaliza sentensi ataomba aone koili. Hilo jibu lipo kwenye droo yako ya nguo.

Sikugombezi. Mtu akimwona baba yake anacheka baada ya muda mrefu, nani atasimama pale kumwambia baba subiri? Hata mimi ningeitikia, ndiyo baba kweli baba. Nakuonyesha tu kwamba ile picha ya baba aliyekosea na binti anayejua haijakaa vizuri, mnajua nusu nusu.

Sasa njia zilizopo, na kila moja ina shimo lake.

Kutengeneza kimya tena. Inawezekana, koili au mpira wake na plagi ni kazi ya dakika chache. Lakini safari hii hakuna throto iliyosafishwa jana ya kusingizia. Gari ikipona yenyewe siku mbili kabla ya kufungua hedi, mzee aliyepanga spana kwa ukubwa atajiuliza. Wanaotengeneza vitu maisha yao yote hawaamini kupona kwa bure, na ushauri wa mdogo wako wa gereji una shimo hilo hilo tena refu zaidi. Na kama ataamini, ujue umemzoesha kuamini vitu visivyo kweli kuhusu gari, na magari ndicho kitu anachokijua kuliko vyote.

Kumwambia yote, kwa mpigo, kama ulivyoyapanga yale matatu. Ni ukweli, lakini angalia la kwanza, bado hujalithibitisha. Unaweza kumwambia "nilibadilisha plagi nikaficha, nikafuta taa, nilikosea" na hiyo ikawa yako kabisa, uliyoifanya wewe. Lile la nani alipasua kauri ni jambo jingine. Ukiweka plagi mezani yenyewe ina mdomo, mzee ataisoma kuliko wewe na mimi. Anaweza kukumbuka ile tik mwenyewe. Wewe uliisikia ukiwa umeshika tochi, unadhani aliyeshika spana hakuisikia? Anaweza kuumia, siwezi kukuahidi hataumia. Anaweza pia kukasirikia soksi kuliko plagi.

Njia nyingine ni kupima kwanza mkiwa wawili kabla hedi haijaguswa. Hapa sidhani utapata ubishi, maana mafundi wa zamani ndio waliotufundisha kwamba hedi haifunguliwi kwa kusikiliza tu. Mwambie baba tupime kompresheni, yaani ile pumzi ya kila silinda. Injini ikiwa imepata moto, mnatoa plagi zote, mnakata umeme wa koili na fyuzi ya pampu ya mafuta, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, mnazungusha mara tano sita kila silinda mnaandika namba. Namba yenyewe inatofautiana gari na gari, cha kuangalia ni silinda zinavyofuatana, tofauti ya asilimia 10 mpaka 15 wengi wanaivumilia. Ya tatu ikiwa chini sana mnamwaga kijiko kimoja cha oili humo mnapima tena, ikipanda vizuri ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi, na hapo mzee ana haki yake yote. Ikiwa sawa na wenzake, zile spana zinaweza kurudi kwenye boksi bila mtu kushindwa.

Ila sikia, nimekwambia kila njia ina shimo. Kupima kompresheni plagi zote nne zinatoka na kulala pamoja kwenye kitambaa. Tatu zina rangi ya miezi miwili na nusu, moja ina siku chache. Baba yako ataiokota hiyo moja kabla hajaangalia geji. Kwa hiyo kama unataka kipimo kiseme badala yako, kitasema, na kitasema mbele yako ukiwa umeinama na tochi. Unaweza kuona bora iwe hivyo. Au unaweza kuona bora utangulie.

Kuna na kipimo kingine hakihitaji kutoa plagi. Hamisha koili ya tatu iende kwenye ya kwanza, ya kwanza ije kwenye ya tatu, plagi usiguse. Futa namba, endesha mpaka imisi. Ikija P0301 ujue tatizo limehama na koili, limekwisha julikana. Ikibaki P0303 basi ni plagi, nozeli ile inayopuliza mafuta, au kweli pumzi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Nakwambia hivi kwa sababu na mimi niliwahi kubadilisha nozeli nne kwa siku moja kumbe tatizo lilikuwa soketi ya waya iliyolegea, nilipozigusa ikakaa sawa nikajiona bingwa wiki nzima. Na kumbuka P0303 inakwambia nyumba gani inawaka moto, haikwambii nani kawasha.

Mambo mawili ya usalama kabla sijasahau. Taa ikipepesa mlimani maana yake mafuta mengi yanapita bila kuungua yanakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, ile katalitiki, na joto lake linaweza kuyayeyusha kwa ndani, kwa hiyo hiyo safari ya mlima ipunguze mpaka mjue, ondoa mguu taa ikianza. La pili, msichomoe koili injini ikiwa inanguruma. Wazee wengi walizoea kuchomoa waya moja moja wakisikiliza, ile ilikuwa hatari hata zamani, na kwenye hizi koili mnaweza kuua koili au kompyuta ya gari pamoja na kupigwa shoti. Mkitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi zimeni, chomoeni waya wa nozeli moja, washeni msikilize.

Na kuhusu kutoa na kurudisha plagi, pulizeni vumbi kwenye mashimo kabla hamjazitoa, rudisheni injini ikiwa imepoa maana hedi ni ya aluminiamu na uzi wake unakufa kirahisi. Tafuta kipande cha bomba la mpira kama urefu wa kiganja, vua plagi kwenye soketi uivalishe bomba, ishushe nalo uzungushe kwa vidole. Ikienda vibaya mpira unateleza wenyewe, uzi hauharibiki, kauri haiguswi na chuma. Ikishakaa ndio soketi inaingia, imenyooka, kwa plagi mpya yenye washa, kile kipete cha chuma, nusu zungusho hivi baada ya kugusa, au kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema. Hilo bomba mafundi wakongwe wanalijua, nadhani na baba yako. Na linafaa sana kwa mkono unaotetemeka.

Tumefika kwenye mikono.

Katika barua yako ndefu, mikono imepata sentensi chache sana, lakini ndiyo iliyojaa kila mahali. Kijiko kinaongea kwenye kikombe. Kuna mtu amemuuliza? Sio kumuuliza kama anaweza kufungua hedi, kumuuliza mikono yako ina nini baba. Kutetemeka kuna sababu nyingi sana, nyingine ni dawa mtu anazotumia, nyingine tezi ya shingo, nyingine mishipa ya fahamu, na baadhi zinatibika au kupunguzwa, daktari ndiye wa kusema. Kumwambia "ni uzee" ni sawasawa na kusema gari inamisi kwa sababu ni ya 2003. Sijui kwenu mambo hayo yanazungumzwaje, wewe ndiye unayejua. Nauliza tu kama ile plagi haijawa rahisi kuificha kwa sababu kuna kitu kingine ambacho nyumba nzima imekificha, na yeye akiwemo.

Na mama. Umeyapokea maneno yake kama amri ya kunyamaza. Yanaweza kuwa hivyo. Lakini "mwache afanye kazi yake" linaweza pia kumaanisha mpe kazi yake yote, pamoja na plagi, pamoja na kile kimashine chako cha simu. Mrudie umuulize alimaanisha nini. Ameishi na huyo fundi muda mrefu kuliko wewe, inawezekana anajua mpaka habari za soksi, droo za nguo katika nyumba ya mama hazina siri.

Unaogopa kumnyang'anya ushindi wake. Nakuelewa. Ila najiuliza ushindi upi angeuchagua yeye mwenyewe, ule wa throto uliodumu siku nne, au wa kuokota plagi yenye mstari, kuigeuza kwenye mwanga, na kumwonyesha binti yake pacha wa mstari ndani ya mpira. Simjui mzee wako, wewe unamjua. Kuna wazee wanaotaka kuwa sahihi na kuna wanaotaka tu gari ipone wakiwepo. Umemshikia tochi tangu utoto, unajua ni yupi.

Likizo usiwahi kuiomba mpaka mmehamisha koili. Na kuiuza subiri, gari inayomisi haiuziki, labda umfiche mnunuaji naye, na soksi zako zitaisha.

Vyovyote utakavyoamua, niandikie uniambie namba iliyokuja, P0301 au ile ile. Na hiyo plagi ya kwenye droo usiifute kwa kitambaa wala usiioshe, iache na mstari wake hivyo hivyo. Mwenye macho ya kuisoma yuko uani hapo, amekaa na spana zake.

Mjomba